Mchezaji wa Barafu wa Abu Hamour

Wiki iliyopita, nikiwa napanga mashuka kwenye stoo ya hoteli, simu yangu iliita kwa namba ndefu nisiyoijua. Sauti ya mwanamke ikasema jina langu lote, Mwanahamisi, kwa shida ile ile ya zamani, kama mtu anayevuka mtaro huku kashika nguo. Nilimtambua kabla hajajitaja. Alisema atapita Doha na timu ya wasichana anaowafundisha, wanakwenda Ulaya kucheza, ndege yao ya pili inaondoka jioni, na akauliza kama bado naishi mji huu na kama ningependa kuonana naye. Nikasema aje kwangu Najma, nitapika. Nilipokata simu nilikaa juu ya furushi la mataulo mpaka msichana mmoja wa kazi akaniuliza kama naumwa. Siumwi, nikamwambia. Kuna mtu tuliachana vibaya, sasa anakuja kula.

Habari za kwetu Tanga na jinsi nilivyofika Ghuba naziacha, zinafanana na za wengi. Nianzie Abu Hamour, kwenye vila ya Tess na mumewe Grant, mwaka ambao mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita na yeye thelathini na tatu. Metro ilikuwa bado haijaanza. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko, kina kidirisha kimoja kilichotazama ukuta wa jirani, na ukilala unasikia kila kinachosemwa jikoni, hata mtu akinong'ona. Siku ya kwanza Tess aliniambia, "Usiniite madam. Niite Tess." Nikamjibu, "Ndiyo, madam." Tukacheka, tukaja kukutana katikati: Madam Tess. Rafiki yangu Adhiambo, Mkenya wa Kisumu aliyekuwa mlinzi kwenye moli moja kubwa, alilifurahia sana jina hilo. "Tess si ndio kutesa?" akasema. Kwao vijana wanasema kutesa wakimaanisha kuponda raha. Kwangu mimi kutesa ni kumuumiza mtu. Adhiambo akasema tungojee, tutajua ni kutesa kupi.

Asubuhi ya pili nilikuta kwenye korido begi kubwa kuliko mimi. Nilipofungua zipu nilirudi nyuma nikidhani kuna mnyama kafia humo. Ndani kulikuwa na ngao za mabega na za magoti, glavu nene kama mito, kofia ngumu yenye wavu wa chuma usoni, na viatu viwili vyeusi vyenye chuma chembamba chini badala ya soli. "Hivyo ndivyo vinavyonuka," Tess alisema akicheka, "lakini ndiyo kazi yangu. Ninacheza hoki ya barafu." Nikamuuliza kama kwao Australia kuna barafu. Akasema hakuna mtu duniani asiyemuuliza hivyo. Tangu siku hiyo nikawa navipandisha vitu vile juu ya paa na kuvianika kwenye kamba, na jua la Doha likavikausha mpaka vikasimama vyenyewe kama watu wasio na vichwa.

Alipenda kula jikoni, si mezani. Nilikuwa nikikaanga chapati naye anazichukua moja moja kutoka kwenye sahani zikiwa bado zinaunguza vidole, na hapo ndipo alipokuwa akinisimulia. Alizaliwa kaskazini ya nchi yao, mahali pa mashamba ya miwa na mito yenye mamba, ambako barafu ilikuwa ya kuhifadhia samaki tu. Alianza na viatu vya magurudumu kwenye maegesho ya duka, na kaka zake walimtia golini kwa kuwa ndiye mdogo na hana wa kumlalamikia. Akiwa na miaka kumi na sita alihamia kusini, kwenye mji wenye uwanja wa barafu, akawa beki. Kisha akaenda Kanada, mchana anaosha vyombo mgahawani, jioni anacheza. Kisha Sweden. Kila alipoitwa timu ya taifa alirudi, akavaa jezi ya kijani na dhahabu, akaenda kupambana na wasichana waliozaliwa kwenye theluji. "Tulikuwa tunafungwa, Mwana," alisema mdomo umejaa, "lakini hatukuwa tunakimbia." Sasa alikuwa amemfuata mumewe, mhandisi wa mitambo ya gesi aliyekaa wiki mbili kazini baharini na wiki mbili nyumbani, na timu pekee aliyoipata Doha ilikuwa ya wanaume.

Walicheza kila Ijumaa alasiri kwenye uwanja wa barafu uliokuwa katikati ya moli, umezungukwa na vioo na vibanda vya chakula. Huku watu wanakula chipsi na kuku, kule chini wanaume wanabamizana ukutani wakikifukuza kidude cheusi cha mpira wanachokiita paki. Adhiambo alikuwa akilinda mlango wa pale, nami nikawa nasimama kando yake nimejifunga shali mbili. Tess alikuwa mdogo kuliko wote, lakini alikuwa na namna ya kurudi kinyumenyume, magoti yamekunjwa, macho kifuani kwa adui, hata ungedhani anamvuta kwa kamba aende anakotaka yeye. Waqatari vijana walipiga picha. Mimi, ambaye sikuwa nimewahi kuona mtu mzima anacheza kwa moyo wake wote bila aibu, nilikuwa narudi nyumbani nimechoka kama niliyecheza.

Mwezi wa nne simu ilipigwa wakati anakula. Alisimama, akazunguka jiko, akaziba mdomo kwa mkono, kisha akanikumbatia na glasi yangu ya chai ikamwagika. Kocha wa taifa alikuwa amemwita kwenye mashindano ya kupanda daraja. Angekuwa nahodha. "Hii ndiyo ya mwisho," aliniambia. "Baada ya hii nastaafu nikiwa na jina." Grant alikuwa nyumbani wiki hiyo, akaleta keki, na usiku niliwasikia kupitia ukuta wangu mwembamba. "Na ukiumia?" Grant aliuliza. "Nimeumia mara zote, na mara zote nimenyanyuka," alijibu.

Ijumaa iliyofuata, Grant akiwa ameondoka asubuhi ile kwenda kazini, Tess na mwanaume mmoja mrefu walikimbilia paki pamoja. Sikuona kosa la mtu. Bega la yule mwanaume lilimkuta amegeuza uso, na kichwa chake kikapiga ubao unaozunguka barafu. Sauti ya pigo hilo ilikuwa kama mlango wa gari unaofungwa kwa hasira. Watu waliacha kutafuna. Akalala pale, kisha akapiga goti, akasimama, watu wakapiga makofi, na yeye akaendelea kucheza. Njiani kurudi alizungumza bila kupumua. Nyumbani alimimina maziwa kwenye glasi iliyokwisha jaa, yakatiririka mpaka sakafuni, naye anaendelea kumimina akiniuliza, "Grant amerudi?" Nikasema ameondoka leo asubuhi. Akatikisa kichwa, akakaa. "Grant amerudi?" Kisha akakimbilia sinki akatapika.

Nilipomfuta uso alinishika mkono kwa nguvu za beki. "Mwana, usimwambie Grant. Usimwambie mtu. Wakisikia neno kichwa wananitoa kwenye timu. Niapie." Nikamtazama: mboni moja ilikuwa kubwa kuliko mwenzake, au nilidhani hivyo, mimi si mjuzi. Nikaapa. Nilisema wallahi, sitasema, na kwa mtu aliyelelewa kama mimi hilo si neno la kutupatupa.

Siku zilizofuata nyumba iliingia giza mchana. Mapazia yalifungwa, redio ikazimwa, na yeye akawa anatembea ndani na miwani ya jua. Niligundua kwamba nimeanza kuosha vyombo bila kuvigonganisha. Akiwa mezani aliniambia, "Nipe ile... ile ya duara, ya kulia chakula," na nilipompa sahani alicheka, lakini cheko lake lilichelewa. Alasiri moja nilipita mlangoni kwake na nguo za kupiga pasi nikamsikia anahesabu miezi kinyumenyume. Desemba, Novemba, Oktoba, Septemba. Kimya. Akaanza tena, Desemba, Novemba. Hakufika Agosti hata mara moja. Baadaye alinieleza kuwa ndivyo daktari wa timu huwapima, naye alikuwa anajifunza jibu. Grant alipopiga simu nikapokea mimi. "Kila kitu salama, Mwana? Tess hajambo?" Tess alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, miwani usoni, hatikisiki. Nikasema, "Huyu hapa, ongea naye," nikampa simu.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda Najma. Adhiambo na mimi tulikuwa na mgahawa wetu wa Kihindi, meza ya pembeni, maharage na parata na chai ya karak. Sikumwambia kitu, lakini yeye alikuwa ameona kwa macho yake. "Huyo madam wako aligongwa vibaya," alisema. "Kutoka hapo alitaka kuingia choo ya wanaume, nikamrudisha. Anaendelea aje?" Nikamega parata. "Haya, usiseme. Na nikuambie, hiyo kichwa ni yake. Wewe karatasi zako ziko kwa hiyo nyumba. Akiamka kesho aseme umeiba kijiko, nani atakuskiza? Utapandishwa ndege na hizo nguo umevaa. Wewe ni khadama, Mwana, wewe si dakitari." Nilijua anasema kweli na kwa upendo. Chai ikapoa mbele yangu. Mpaka leo nikipita mtaa ule huwa navuka upande wa pili, ingawa mgahawa wenyewe umeshageuka duka la simu.

Kesho yake Tess alitaka tukanunue vitu vya safari. Kwenda tulikwenda salama. Kurudi, tulipoingia kwenye kipilefti, maana sisi watu wa Tanga tunaita hivyo hata kwenye nchi inayoendesha kulia, alizunguka mara moja, akazunguka tena, kisha akasimamisha gari katikati. Magari yakapiga honi pande zote. Lori moja lilipita karibu mpaka kioo cha upande wangu kikatetemeka. "Madam Tess, twende." Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, vidole vyeupe. "Mwana," alisema kwa sauti ndogo, "nyumbani ni wapi?" Sijui kuendesha gari. Nilimshika begani nikamwambia taratibu, kama unavyomwongoza mtu kwenye giza: sogea, subiri huyu apite, sasa kulia, nyoosha, msikiti ule, kushoto. Tulipofika getini alizima gari akaniambia bila kunitazama, "Uliapa."

Ilikuwa imebaki Ijumaa moja kabla hajasafiri, na alitaka kucheza. Mchezo wa kujipima, alisema, ajihakikishie kwamba yuko sawa. Nilimwambia apumzike. Akasema yeye hapumziki. Nikamwambia ampigie Grant. Akaniuliza tangu lini mimi ndiye ninayempangia. Asubuhi ya Ijumaa hiyo nilipanda juu ya paa kuchukua vifaa vyake, nikavishusha vyote isipokuwa kiatu cha kushoto. Nilikiweka nyuma ya tangi la maji, nikakifunika kwa kipande cha turubai. Nilikuwa nimeapa kutosema. Sikuwa nimeapa kutokuficha kiatu. Nilishuka ngazi nikiwa na hesabu yote ya Adhiambo kichwani, lakini miguu yangu haikuniuliza.

Alianza kukitafuta kwa utulivu. Begi, korido, gari. Kisha akapanda juu, akashuka, akaanza kuvuta makabati. "Kiko wapi?" Nikasema sitakitoa. Alidhani hajasikia vizuri. Nikarudia, "Leo huchezi, Madam Tess." Uso wake ulibadilika rangi. Aliingia chumbani kwangu, mahali ambapo hakuwa amewahi kuingia, akafungua sanduku langu na kulimwaga sakafuni: magauni, picha za kwetu, khanga aliyonipa mama nikiondoka, na nguo zangu za ndani ambazo mtu mwingine hazioni. Alizipiga teke kutafuta chini yake. Nilisimama mlangoni. Sikulia. "Huo ni wizi," alisema. "Naita polisi. Unajua watakufanya nini?" Nikasema najua. "Nirudishie kiatu changu!" Nikasema, "Ita."

Akapiga. Tulikuwa jikoni, yeye karibu na jokofu, mimi karibu na mlango wa nyuma, na ile sauti ya upande wa pili ilisikika wazi kwa kuwa aliweka spika. Alisema kwa Kiingereza kwamba mfanyakazi wake wa ndani amemwibia. Mwanaume akasema sawa, madam, uko wapi? Tess akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama dirishani, akatazama picha kwenye mlango wa jokofu, kana kwamba jibu limeandikwa mahali. "Madam? Address?" Nikaona hofu inampanda kutoka shingoni, hofu ambayo sikuwahi kuiona kwake hata wanaume wenye mabega kama milango walipomjia kwa kasi. Alinigeukia. Nami nikasema, nikiisogelea simu kidogo ili mtu yule asikie: "Abu Hamour. Nyuma ya msikiti, geti la kijani, nyumba ya tatu."

Yule mwanaume akauliza tena, "Hello, madam, ni nani huyo?" Tess alisema, "Samahani. Nimekosea," akakata. Aliteremka taratibu, mgongo ukiburuzika kwenye jokofu, mpaka akakaa kwenye vigae. "Niambie tena," akasema. Nikamwambia tena, Abu Hamour, nyuma ya msikiti. Aliyarudia maneno yale nyuma yangu, kama mtoto wa chuoni anayefunzwa aya. Kisha yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akampigia Grant.

Hospitalini walikuta damu imevuja kidogo ndani ya fuvu. Grant, aliyeletwa na helikopta ya kazini, alimuuliza daktari ingekuwaje kama angegongwa tena siku ile. Daktari alisema, "Sijui," na akaongeza kwamba hilo ndilo neno asilopenda kulisema. Lakini kuhusu hoki hakuwa na sijui: asicheze tena. Kocha wa taifa alichagua nahodha mwingine. Tess alilala chumbani kwake wiki nyingi, akapona polepole, maneno yakamrudia, njia zikamrudia, ila kwangu hakurudi. Hakula tena jikoni. Chakula nilikipeleka mlangoni nikabisha na kuondoka. Akihitaji kitu alimwambia Grant, na Grant, mtu mpole aliyeona haya kuwa katikati, alikuja kuniambia. Siku moja nilimsikia juu ya paa, nikapanda, nikamkuta amekaa na kile kiatu mapajani. Nilikuwa nimekisahau. Joto lilikuwa limekipasua ngozi na chuma chake kimeota kutu. Alikuwa akilia kama mtu aliyefiwa. Aliponiona alisema, "Umeniua," akageuka upande wa pili. Niliteremka nikaendelea kukatakata vitunguu, na siku hiyo sikuhitaji kisingizio kingine cha machozi.

Mkataba ulipoisha hawakuuendeleza. Grant alisaini karatasi za kuniachia, akanitafutia kazi hotelini, akanibebea sanduku mpaka kwenye teksi. Tess hakutoka. Miaka yote niliyopanda hapa hotelini, kutoka kusafisha vyoo hadi kusimamia ghorofa nne, kuna swali nililolala nalo: labda angecheza na asingegongwa. Labda angerudi na medali shingoni, akastaafu kwa heshima aliyoitaka, na mimi ningekuwa mtu wa kwanza kuonyeshwa. Hakuna anayejua. Watu niliowasimulia wanasema nilimwokoa, na wanalisema haraka sana, kama watu ambao hawakuwahi kumwona akirudi kinyumenyume kwenye barafu.

Jana alikuja. Nilimpokea kituo cha metro. Nywele zimeingia mvi, mwili umenenepa kidogo, lakini alitembea vile vile, magoti yamelegea, kama ardhi inaweza kuteleza wakati wowote. Alipanda ngazi hadi chumbani kwangu, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akakaa kwenye mkeka. Nilikuwa nimepika wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchicha. Tulisalimiana, tukaulizana habari za Grant, ambaye bado ni mumewe, na za Adhiambo, aliyerudi Kisumu akafungua duka. Kisha nikampakulia chakula.

"Kuna msichana kwenye timu," alianza, akitazama sahani. "Miaka kumi na saba. Bora kuliko nilivyokuwa mimi. Amegongwa mwezi uliopita, nikamtoa, hachezi safari hii. Amekuja nasi lakini haongei nami. Kwenye ndege alikaa kiti cha nyuma yangu saa zote hizo, hakunijibu hata nilipomuuliza kama anataka maji. Wiki chache tu, Mwana, na mimi siwezi kuvumilia." Akainua uso. Nilidhani sasa atasema asante, au samahani, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Hakusema. Aliniuliza, "Wewe uliwezaje kukaa nyumba moja na mimi miezi yote ile?"

Ningeweza kumjibu vizuri. Ningeweza kusema subira, au imani, au kwamba nilimpenda, na hayo yote yasingekuwa uongo. Lakini alikuwa ametoka mbali kuuliza.

"Sikuwa na pa kwenda," nikamwambia.

Mkono wake ulisimama juu ya wali. Nje, muuza maji alikuwa akipakua magaloni, yanagonga sakafu moja baada ya jingine. Tess alinitazama, macho yakamjaa machozi, hakuyafuta.

"Sikuwahi kulifikiria hilo," alisema.

Nilimwamini. Nikamwongezea samaki, akala.